IST au Demio, Harrier au Forester: unalipia nembo au unalipia injini?

Mdogo wangu anafundisha sekondari Songea. Juzi alinipigia simu, akiba yake ya miaka minne ikiwa tayari benki, akaniuliza, "Kaka, nichukue IST au Demio?" IST ni ya Toyota, Demio ni ya Mazda. Kabla sijajibu akaongeza kwamba walimu wenzake wameshamwamulia: Toyota ni Toyota, mengine ni kujitafutia presha.

Maneno hayo nami nimekua nayo. Nilianza kuyapima upya pale nilipotoa hela zangu kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam, nikachukua gari lenye nembo inayosifiwa na mtaa mzima. Mwezi wa tano likaanza kula oili, lita nzima kila wiki mbili, na kila nikikanyaga mafuta moshi wa bluu unanifuata. Fundi alipofungua injini aliniita nikaone mwenyewe: tope jeusi limeganda juu ya silinda hedi, ringi za pistoni zimenata. Aliyelimiliki kabla yangu hakuwa akimwaga oili kwa wakati. Nembo ya mbele ilikuwa inang'aa vilevile.

Kwa hiyo sikumjibu siku ileile. Nilimwomba wiki moja, nikamwandikia haya. Nayaweka hapa kwa sababu najua wapo wengi wenye swali lake, na hela ya kununua gari mara moja tu.

Sifa ilitoka wapi

Wazee wetu waliiona Peugeot 504 ikishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, wakaiamini. Ikaja zamu ya Datsun: Shekhar Mehta, dereva wa Kenya, alichukua ushindi mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kisha Toyota Celica ikatawala 1984, 1985 na 1986. Kila mmoja aliacha jina lake midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Leo ukimwambia kijana kwamba Peugeot ndiyo ilikuwa gari la kuaminiwa kwenye vumbi la Afrika Mashariki, anadhani unamsimulia hadithi. Jina lile lilikuwa la kweli wakati wake, na wakati wake ulipita.

Toyota yenyewe ilibaki juu kwa kazi halali. Land Cruiser za hospitali na za mbugani, Hilux za shambani, Hiace za abiria tulizoziita vipanya, Corolla za teksi zilizotembea mpaka mita ya kilomita ikakoma. Yalikuwa magari yenye injini nyepesi kueleweka. Fundi wa chini ya mwembe aliweza kuyafungua na kuyafunga. Sifa hiyo siibishi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mwaka huu huendi kununua Hiace ya 1995. Unakwenda kununua gari dogo lenye kompyuta, pengine lenye giaboksi ya aina nyingine kabisa, na pengine halikusanifiwa na Toyota.

Chukua Passo. Ni gari la Daihatsu. Huko Japani liliuzwa kwa majina mawili: Toyota Passo na Daihatsu Boon. Injini yake ya cc 1,000 yenye silinda tatu, 1KR-FE, ni kazi ya Daihatsu. Rush iliyotoka 2006 nayo ni Daihatsu Be-go, ambayo nje ya Japani ilijulikana kwa jina la Terios. Daihatsu ni mali ya Toyota kwa asilimia 100 tangu 2016, na Desemba 2023 ilisimamisha kusafirisha magari baada ya kukiri udanganyifu katika majaribio ya usalama uliogusa aina 64 za magari, zikiwemo zilizobeba nembo ya Toyota. Pamoja na hayo, hapa kwetu Passo inagombewa na Boon inaachwa ikae yadi kama mtoto wa kambo. Chuma ni kilekile, injini ni ileile. Tofauti ya bei unayoiona hapo ndiyo bei ya nembo ikiwa peke yake, haina kitu kingine ndani. Ukikutana na Boon iliyotunzwa vizuri, usiikimbie.

IST na Demio

IST ninayoisema ni ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007. Ipo ya cc 1290 yenye injini ya 2NZ-FE, na ya cc 1490 yenye 1NZ-FE. Zote zinatumia cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika njiani. Giaboksi ni otomatiki ya kawaida, gia nne. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye magari mengi ya Toyota, na kila fundi anaijua kama anavyoijua njia ya nyumbani.

Demio ya kulinganisha nayo ni ile ya 2007 hadi 2014, ambayo mwaka 2008 ilitwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Dunia. Mazda walifanya jambo ambalo watengenezaji wengi hawakulifanya miaka ile: badala ya kuliongeza gari uzito kila toleo, walilipunguza karibu kilo 100 kutoka lile lililotangulia. Injini ya ZJ ya cc 1,300 nayo ni ya cheni, na nyingi zina giaboksi ya gia nne ya kawaida. Ukiliendesha utasikia wepesi huo kwenye usukani, na utauona kwenye kituo cha mafuta.

Ukiyaweka mezani kama vyuma tu, pasipo majina, sioni sababu ya kuiogopa Demio. Tena iko hoja kubwa upande wake ambayo watu hawaisemi: umri. Kwa hela inayokupa IST ya 2004, mara nyingi utapata Demio iliyo changa kwa miaka mitano au zaidi. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini kwetu linaingia likilipiwa ushuru wa uchakavu, ndiyo maana bado tunashindana kununua IST zenye umri wa mtu anayesoma chuo kikuu. Bushi zimekauka, mabomba ya rejeta yamekakamaa, injini mauntini zimepasuka, nyaya zimeshafungwa na kufunguliwa na mafundi sita. Mpira na plastiki havisomi nembo. Gari la miaka 20 ni gari la miaka 20.

Sasa upande wa IST, na hapa sitaki mtu adhani naidharau. Ukiharibikiwa Tunduru jioni, IST itapata boljointi siku hiyohiyo. Demio itasubiri kifurushi kutoka Dar. Anayeishi Dar anaweza kushuka Gerezani au Ilala na kurudi na spea ya Mazda mchana uleule. Anayeishi Songea, Sumbawanga au Kibondo hana anasa hiyo. Na fundi asiyelijua gari hukugharimu mara mbili, kwanza anapobahatisha, pili anaporekebisha alichobahatisha. Huo ni uimara pia, ingawa haumo ndani ya gari. Umo katika watu waliolizunguka. Demio vilevile ni ya chini, na njia ya makorongo wakati wa masika itakukwangulia bampa.

Ila wingi nao una gharama zake. Kwa kuwa soko la IST ni kubwa, spea feki za IST ni nyingi kuliko za gari lolote lenye soko dogo. Nimeona brekpedi zenye boksi zuri la Toyota zikiisha ndani ya miezi miwili. Na penye soko la vioo vya pembeni na taa ndipo penye mwizi wa vioo vya pembeni na taa.

Hesabu ya kuuza

Wapenda Toyota wana hoja moja nzito: "ukitaka kuuza, unauza kesho." Ni kweli. Chema chajiuza. Lakini tuifanyie hesabu, kwa tarakimu nilizozitunga ili tu hesabu ionekane.

Tuseme IST unainunua milioni 14, Demio milioni 11. Baada ya miaka mitatu IST unaiuza milioni 11, Demio milioni 7. IST imekula milioni 3 kwako, Demio imekula milioni 4. Hapo jina limekulipa. Sasa tuseme hukuuza, umekaa nalo miaka tisa. IST inauzwa milioni 6, Demio milioni 3. IST imekula 8, Demio imekula 8. Mko sawa, ila mwenye Demio alikuwa na milioni 3 mfukoni tangu siku ya kwanza: za bima, za matairi mapya, za kubadilisha shokapu zote nne kabla hazijaanza kulia.

Kwa hiyo jina ni kama amana. Anayebadilisha gari kila miaka miwili mitatu hurudishiwa alichoweka. Anayenunua gari alitumie mpaka lichoke, jina linamfaa kidogo mno. Huyo anunue hali ya gari. Mimi najua Watanzania wengi tuko kundi la pili, na bado tunalipa kama kundi la kwanza.

Honda Fit, na jambo la CVT

Fit ya 2001 iliuza kuliko Corolla nchini Japani mwaka 2002, ikavunja uongozi ambao Corolla iliushika kwa miaka 33. Gari lenye historia hiyo haliwezi kuwa takataka. Mtaani limepata jina baya kwa sababu mbili ambazo ukizichunguza zinarudi kwetu. Kwanza, injini yake ya cc 1,300 ina plagi nane, mbili kila silinda. Nne za nyuma hazifikiki kirahisi, na fundi mvivu hubadilisha za mbele tu. Pili, giaboksi yake ni CVT.

CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. Mkanda ule unaishi kwa oili yake maalumu: Honda wana ya kwao iitwayo HMMF, Nissan za kipindi kile zilitumia NS-2, Toyota wana CVTF TC. Ukimwagia haidroliki ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza kwenye puli, gari linatetemeka wakati wa kuondoka, kisha siku moja halivuti kabisa. Halafu tunasema Honda mbovu.

Na hapa wengi hushtuka ninapowaambia: Toyota nazo zina CVT. Ractis ya cc 1,500 ya magurudumu ya mbele ni CVT. Premio na Allion za kuanzia 2007 ni CVT. Mtu aliyeikimbia Fit kwa kuogopa CVT, akanunua Ractis kwa sababu "ni Toyota", amekimbilia kitu kilekile, na mbaya zaidi ameingia nacho bila hofu, kwa hiyo hataulizia oili. Nissan X-Trail ni hivyohivyo: ya zamani, T30, ina otomatiki ya kawaida, iliyofuata, T31 ya cc 2,000, ina CVT. Jina moja, maisha mawili tofauti.

Harrier na Forester

Kwa wenye mfuko mpana kidogo, swali huwa hili. Upande mmoja Toyota Harrier ya 2003 hadi 2013, ile tuliyoibatiza tako la nyani. Upande wa pili Subaru Forester ya toleo la SH, 2007 hadi 2012.

Harrier ni gari zuri kukaa ndani. Nje ya Japani lilivaa nembo ya Lexus RX, na ukifunga mlango unasikia kwa nini. Lakini nyingi zilizopo kwetu ni za cc 2,360 zenye injini ya 2AZ-FE, na injini hiyo ina maradhi yanayojulikana duniani kote. Katika zile za mwanzo, nyuzi za boliti za silinda hedi upande wa nyuma hulegea ndani ya bloku ya aluminiamu. Maji ya rejeta yanapotea kidogo kidogo bila kuonekana yanapovujia, kisha gari linachemsha mlimani. Katika zile za baadaye, ringi za pistoni hushindwa kurudisha oili, na injini inaanza kuila. Marekani, Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yao yenye injini hiyo kwa sababu ya kula oili. Injini hiyohiyo imo kwenye Alphard, Ipsum na Kluger za cc 2,360. Wapo wenye Harrier zilizotembea kilomita 250,000 bila neno, wengi tu, na ukiwauliza utakuta hawapitishi wiki bila kuvuta stiki ya oili.

Tukiwa hapohapo kwa Toyota: ukiona maandishi D-4 juu ya injini ya cc 2,000 ya Noah, Voxy au Premio za mwanzoni mwa miaka ya 2000, simama kwanza. Hiyo ni 1AZ-FSE, inayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake ya presha kubwa ni ghali, njia ya hewa hujaa masizi, na mafundi wengi wakiiona hukunja uso. Premio ya cc 1,500 ya miaka ileile, yenye 1NZ, imesimama pembeni yake kwenye yadi ileile na nembo ileile, na itaizika hiyo nyingine.

Forester imebeba lawama tatu: inakunywa mafuta, inachoma gasketi, spea ghali. Ya kwanza ilizaliwa na zile zenye tabo. Isiyo na tabo, ya cc 2,000, hainywi kupita Harrier ya cc 2,360. Ya pili ilitokana zaidi na injini ya cc 2,500, EJ25, iliyouzwa sana Marekani. Zinazotujia kutoka Japani nyingi ni EJ20. Ya tatu ina ukweli, hasa ukiwa mbali na miji mikubwa. Nairobi utapata fundi wa Subaru bila kutafuta, Dar wapo wa kutosha, lakini mkoani utahangaika.

Kuna mambo matatu ambayo lazima mnunuzi wa Forester ayajue, na hayana mjadala. Kwanza, za kabla ya mwisho wa 2010 zina EJ20 yenye mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kufikia kilomita 100,000. Ukikatika unapinda valvu, na hapo unanunua injini. Muuzaji asipokuonyesha ushahidi kwamba umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake uiondoe kwenye bei. Pili, kuanzia mwisho wa 2010 ilikuja FB20 yenye cheni. Ukiipata hiyo ikiwa na giaboksi yake ya gia nne, umepata gari la kazi. Tatu, inasukuma magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo matairi yawe manne ya saizi moja na uchakavu wa kukaribiana. Kuchanganya matairi, kama tulivyozoea, huimaliza taratibu.

Ningechagua ipi mimi? Ninayeishi Dar, ninayepanda Lushoto mara nne kwa mwaka kuwaona wazazi, kwenye utelezi wa Desemba: Forester ya 2011, FB20. Shemeji yangu anayeishi Tabora, na anayetaka kuuza gari baada ya miaka miwili ajenge: Harrier, ila baada ya fundi kupima kama maji yanapungua na kama oili inaliwa, wala si kabla.

Kabla ya kutoa hela

Kama gari linatoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada yenye namba ya chesisi na uilinganishe na gari. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika kwa umri, na herufi R maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na za dashibodi. Zikishuka njiani, huyo si wa kufanya naye biashara hata kama gari ni zima.

Kama liko nchini, asubuhi ndiyo saa yake. Injini iliyolala usiku kucha husema kweli: mlio wa cheni sekunde za kwanza, moshi wa bluu, mtetemo. Muuzaji anayekulaki huku gari limeshawaka na limepata moto amekunyima kipimo kikubwa kuliko vyote. Fungua kifuniko cha oili, angalia chini yake kama kuna tope. Vuta stiki. Liendeshe angalau nusu saa, na kilima kiwemo. Fundi awe wako. Wa muuzaji anakula kwa muuzaji.

Mdogo wangu alisoma yote haya, akanipigia. Hakuuliza tena Toyota au Mazda. Aliuliza kama spea za Demio zinapatikana Songea mjini, nikamwambia alizunguke soko mwenyewe siku ya mapumziko. Alizunguka maduka manne. Za IST walikuwa nazo wote wanne, za Demio mmoja alikuwa na brekpedi tu. Basi ni IST, kwa sababu ya maduka manne ya Songea. Angekuwa amepangiwa Dar ningemshika mkono tukachukue Demio.

Ijumaa alfajiri anapanda basi. Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda Ubungo kuliangalia moja la cc 1290, la mwaka 2005. Nimeshampigia muuzaji nikamwomba kitu kimoja: asiliwashe mpaka tufike.